Bushi Iliyozaliwa Jikoni

Moraa wangu, bwakire? Sisi huku tu wazima. Babako anachuma chai, na ng'ombe wako amezaa ndama mkorofi kama wewe.

Unaniuliza kama nchi iliyonyimwa mashine inaweza kujitengenezea. Mimi najua ya kinu chetu cha mahindi tu, hapa Kebirigo, miaka michache baada ya Uhuru. Bushi, ile pete ya shaba inayoshika mhimili, ililika. Wakala wa kiwanda cha ng'ambo akatuambia, "Vipuri havipo. Nunueni mashine mpya."

Tukakataa. Mhunzi wetu akayeyusha shaba kuukuu, naye mjomba wangu, mchongaji wa kule Tabaka, akachonga kalibu mbili za jiwe la sabuni, za kumiminia shaba ipate umbo la bushi. Alizichonga jiwe likiwa limelowa, kama wachongaji wafanyavyo siku zote. Shaba ilipomiminwa kwenye ile ya kwanza, maji yakachemka ndani ya jiwe, shaba ikaruka kama bisi! Tulikimbilia migombani, mjomba akiwa mbele.

Mama yangu alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaiweka kalibu ya pili juu ya meko, pale alipokuwa akikaushia wimbi, mpaka ikakauka kabisa. Bushi iliyotoka humo ilikuwa na sura mbaya, lakini kinu kilinguruma.

Wakala aliposikia, alirudi mbio na bushi mkononi, akamwambia mama yangu, "Mama, vipuri vimepatikana!"

Tulinunua, mjukuu wangu, maana bushi yake ilikuwa nzuri kuliko yetu. Ila tangu siku hiyo hakutuambia tena kwamba havipo.

Ni mimi nyanyako,
Kerubo