Wewe Iko Tano

Mama,

Nakuandikia nikiwa kwangu Arua, na simu yako ya vibonye iko hapa mezani. Zainabu aliitaka. Nikamwambia chukua vyungu, chukua mikeka, chukua hata kitanda, simu siitoi. Majirani zako wa Koboko walishangaa: mama hana hata wiki kaburini, mabinti wanagombania kisimu kilichofutika namba.

Wewe unajua sababu. Hukusoma, kwa hiyo jirani yako Asunta, yule Mkongomani muuza vitenge, ndiye aliyetupanga kwenye vibonye. Ukibonyeza kibonye kimoja tu na kukishikilia, simu inapiga yenyewe. Zainabu, kitinda mimba wako, akapata mbili, ya mwanzo kabisa, maana moja ni ya ujumbe wa sauti. Kaka Juma tatu. Asunta mwenyewe nne! Mimi mzaliwa wako wa kwanza ukaniambia hivi hivi tu, "Hawa, wewe iko tano." Nilicheka. Moyoni niliungua, mama. Hata muuza vitenge alinipita.

Ndiyo maana nilikununulia simu ya kugusa. Haukuwa wema mtupu, leo nakiri. Kwenye kioo niliweka picha yangu peke yake, kubwa, uguse sura yangu nipokee. Ukaipapasa na vidole vyako vilivyokomaa kwa kusuka vikapu, ukaiweka kando: "Hii kitu iko laini kila pahali. Kidole yangu napotea." Wiki iliyofuata nikaiona mkononi mwa Zainabu. Nilinuna mwezi mzima.

Na ile Alhamisi asubuhi, ulipopiga nikiwa dukani, niliiacha simu ilie. Nikasema, ampigie mbili. Alasiri Zainabu akanipigia kuniambia umetutoka.

Baada ya mazishi Asunta alinikuta nimeikumbatia simu yako. Nikamtolea hasira zote, yeye na nne yake. Alichukua kidole changu akakiweka juu ya tano. "Sikia. Kako kanundu hapa. Mama yako alisemaka, macho yangu iko nakwisha, weka Hawa hapa. Yeye iko mbali, sitaki nimupoteze."

Kinundu, mama. Vibonye vingine vyote ni laini.

Usidhani wivu umeisha. Zainabu ndiye aliyekushika mkono asubuhi ile, na hilo sijamsamehe, ingawa hana kosa. Nakionea wivu hata hiki kibonye. Kimeguswa na kidole chako mara nyingi kuliko shavu langu.

Leo baada ya adhuhuri nilibonyeza tano nikashikilia. Simu yangu ikalia, ikaandika Mama. Nikapokea. Nikaiweka sikioni, nikasikia pumzi yangu mwenyewe.

Pumzika, mama yangu. Zainabu nitampigia leo, nianze mimi. Simu yako nitaichaji kila Ijumaa, na namba yangu sitaibadilisha. Ikilia tena, nitapokea.

Mimi wa tano,
Hawa