Mashavu ya Ornella

Siku ya kwanza, Jumatatu tarehe 7/10/2024
Wiki tatu tangu ndoa! Josaphat ananiita "mwezi yangu" mbele ya wateja. Leo ameenda Beni kupeleka vipuri vya pikipiki. Alirudi mlangoni kunibusu — mara mbili!
Ila Ornella, mdogo wake. Miaka kumi na tano, anaishi kwetu kwa ajili ya masomo. Mashavu yamejaa ghafla. Anakula bugali ya watu wawili, kisha analala juu ya daftari. Mimba? Najiambia hapana. Namwangalia tena.

Siku ya tatu, tarehe 9/10
Prefe, mkuu wa shule, ameniita shuleni. Ornella anasinzia kila somo. Njiani nikamuuliza: mwanaume ni nani?
"Yaya, mwanaume gani? Tangu uolewe, unatafutia kila mutu bwana!"
Ananiita yaya, dada mkubwa, na mdomo huo! Nikacheka. Lakini simwamini. Begi yake anailalia kama mto.

Siku ya tano, tarehe 11/10
Josaphat amepiga simu. Sauti yake — nayeyuka! Akauliza habari za dada yake, ambaye mama yao alimwachia yeye amlee. Nikasema mzima kabisa. Uongo wangu wa kwanza kwake.

Siku ya posho, Jumamosi tarehe 12/10
Nimefungua begi. Hakuna barua ya mwanaume. Vidonge tu, ndani ya karatasi ya daftari. Nilivitambua mara moja. Vya kunenepesha! Sokoni vinauzwa kama bonbon, pipi za watoto.
Ornella aliponikuta navyo, hakulia hata. "Mbele ya ndoa nilikuona ukimeza. Bamama bakasema: muone bibi-arusi, iko na mwili! Miye, ku masomo, bananiita fagio."
Kweli. Nilimeza miezi miwili ili robe ya arusi ijae. Josaphat anaambia rafiki zake kwamba ni mapendo yake yaliyoninenepesha.
Nilivirudisha katika begi. Kwa nini nilivirudisha?

Siku ya pili, Jumanne tarehe 15/10
Naandika kwenye benchi ya kituo cha afya. Asubuhi Ornella ameanguka darasani. Miguu imevimba, sukari iko juu sana. Josaphat amefika mbio kutoka Beni, vumbi mpaka kwenye nyusi.
Muuguzi Abdias amesema: mimba hapana, kuna kitu anameza. Bila kujua ni nini, na tangu lini, anaweza kukosea dawa.
"Donc, basi kuna mutu anamupatia!" Josaphat akasema. "Nitamupeleka ku polisi leo leo!" Akatoka kununua maji.
Ornella amenivuta nguo. "Yaya, ukinyamaza juu ya vidonge vyangu, na miye nitanyamaza juu ya vyako." Midomo yake imekauka.
Abdias amerudi na sindano, anatuangalia sisi wawili, anangoja jibu. Nyuma yake Josaphat anaingia na chupa ya maji. Ananitabasamia —