Nimemchagua Jogoo Mweusi

Ndosho, Goma

Papa wangu,

Ninakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Umepata mtu wa kukupikia, au bado unakula mihogo ya kuchoma asubuhi na jioni? Sisi huku tunapumua. Mama ana kikohozi kidogo cha vumbi. Mama mudogo, ambaye bado anatuweka kwake, anauza mkaa kama kawaida, na mimi tangu nimalize shule ninamsaidia kupimia wateja, kisha ninashinda na kuku.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ninaona haya. Ukiniuliza kitu ninajibu "ndiyo, papa," hata pale jibu ni hapana.

Kambale wa moto, yule anayebeba watu kwa pikipiki, alitufikishia maneno yako. Alisema umejenga upya kibanda cha kuku, umekiezeka vizuri, na kwamba huko kwetu Kiwanja hukubakiwa na hata kifaranga mmoja. Alisema unaomba nikuchagulie jogoo na matetea wa aina yetu, halafu mimi na mama tuje nao sisi wenyewe, tukae. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Aliendelea kupepeta. Kambale akacheka: "Muzee anasema amechoka kuamushwa na kelele ya moto yangu! Mumupelekee jogoo ya rangi yake."

Papa, kuku wa rangi yako wamekwisha. Amebaki mmoja tu. Acha nikueleze ilivyokwenda, usidhani niliwaachia ovyo.

Tulipokimbia vita ulinipa kitunga chenye jogoo na matetea wawili, ukaniambia nisiwachanganye na wengine. Walikuwa bado wanapendeza tulipofika hapa: rangi ya majani makavu ya maharagwe, mistari myeusi shingoni, miguu ya njano. Niliwashika mmoja mmoja kama wewe. Kidole kwenye mfupa wa kifua, toka juu hadi chini, kuona kama umenyooka. Kiganja mgongoni, kuona kama ni mpana. Kisha ninamweka chini nimtazame anavyosimama, miguu isigusane. Na rangi niliipima kwa ule mluzi wako wa mwewe. Kule nyumbani ulikuwa ukiupiga, mama kuku analia, vifaranga wanajibanza kwenye nyasi, nawe unaniuliza, "Unaona wangapi?" Yule niliyemwona hakuwa wa kuzaa. Alikuwa wa sufuria.

Huku hakuna nyasi. Parseli yote, yaani uwanja wetu, ni mawe meusi ya volkano, tangu mlangoni hadi chooni, na mwewe wanakaa juu ya mabati na juu ya nguzo za umeme, wanangoja. Vifaranga wa kwanza walipotoka nilipiga mluzi. Wakalala chini kama wanavyojua, na nikawaona wote. Wote, papa. Walikuwa kama maharagwe yaliyomwagika juu ya mkaa.

Jirani yetu, Mama Zawadi, alikuwa anaanika nguo. Akapaza sauti mpaka barabarani: "Weye binti, unapigiaka nani mluzi? Kama ni bwana, umuambie apite ku mulango!" Watu wakacheka. Nilikimbilia ndani kwa haya, na niliporudi mwewe alikuwa ameshabeba mmoja.

Niliwafunika kwa kitunga. Niliwafungia jikoni, lakini mama mudogo akasema kuku hawawezi kulala na mkaa wa wateja. Wakaisha mmoja mmoja, akabaki jogoo mdogo peke yake. Kisha ugonjwa wa kuku ukapita Ndosho, ukachukua yule jogoo mkubwa uliyenipa na tetea mmoja.

Tetea aliyebaki akapandwa na jogoo mweusi wa Mama Zawadi. Nililia siku ile. Nilitaka tuyale yale mayai tu, nikikumbuka ulivyonikataza. Mama ndiye aliyesema, "Acha alalie, mayai ni mayai." Wakatoka weusi. Nilijificha nyuma ya mlango nikapiga mluzi wako, na wakapotea. Nilitafuta kwa macho mpaka nikachoka, niliona mawe tu.

Wamekua, papa. Kuna jogoo kati yao ambaye kifua chake kimenyooka kama rula. Mgongo mpana, miguu imara, na akipata mdudu anawaita matetea kwanza, hali peke yake. Ungekuwa hapa ungemshika mikononi muda mrefu.

Na yule jogoo mdogo wa rangi yako alikuwa mzuri kuliko baba yake. Jua la asubuhi likimpiga shingoni, hata Mama Zawadi aliacha utani akamtazama. Lakini mfupa wa kifua ulipinda kwenda kushoto. Nilimpima kila asubuhi nikitumaini kwamba kidole changu ndicho kinachokosea. Mwishowe nilimwomba mama apime. Akapima, akasema, "Umepinda."

Mama mudogo akasema, "Si mumupelekee tu baba yako? Rangi iko. Atafurahia."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Ningeweza kukutumia. Ungemwona kwa mbali anashushwa kwenye moto, ungefurahi, mpaka utakapomshika. Wewe mwenyewe uliniambia kuku wa kifua kilichopinda haachwi azae, hata awe mzuri namna gani, hata awe wa mwisho. Ulisema "hata awe wa mwisho" huku unacheka, kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa kuku.

Nilimchinja Jumapili. Mama alimpika na mboga ya lenga-lenga. Mimi sikula.

Papa, nimefuata yote uliyonifundisha kuhusu kuchagua, na yamenifikisha kwa yule mweusi. Sikutaka kufika hapo. Siku nilipomtenga na matetea wake, ili awe baba wa watakaokuja, mama alisimama mlangoni akaniangalia. Akasema polepole, "Na weye umeshajua."

"Nimejua nini, mama?"

"Hatutarudia kule nyumbani, mwanangu. Mu ile nyumba nitakuwa nasikiliza mulango usiku yote. Miye siwezi tena."

Akaingia ndani. Sikuwa nimejua, papa. Mimi nilikuwa nachagua kuku tu. Lakini baada ya maneno yake nilitazama uwanja, nikaona kwamba nilikuwa ninachagulia mawe haya, siyo nyasi zako. Sijui kama ni mimi ninayepaswa kukuandikia jambo hili. Mama hatakuambia, na Kambale hatathubutu. Unisamehe. Mimi ningependa kurudi, lakini siwezi kumwacha anakohoa peke yake.

Yule mweusi sikutumii. Kwenye nyasi zako vifaranga wake wataonekana, na mwewe wa Kiwanja nao wana macho. Ninakutumia yule tetea wa rangi yako. Amezeeka, anataga kidogo kisha anapumzika siku nyingi, lakini mfupa wake umenyooka na hakuna mwewe aliyemweza. Umtafutie jogoo kwa majirani, mwenye rangi inayokaribia, halafu uchague watoto wake, na wajukuu wake. Wewe una subira kuliko sisi wote. Labda rangi itarudi.

Unisalimie shangazi Masika anayekuchotea maji, umwambie ninamshukuru. Unisalimie na katekista aliyenifundisha kusoma, na mama wa kinu jirani yako, ambaye anajua kukuchekesha.

Kambale ameshafika, anapiga honi. Nilimuuliza mama kama ana salamu za kukutumia. Sasa hivi amemchukua tetea mikononi mwangu, amechana pindo la kikwembe chake cha kijani, kile kitenge ulichomnunulia siku ya ubatizo wangu, na anamfunga nacho miguu. Amefunga, ameona kimekaza, amekilegeza, anafunga tena ili njia nzima kisimkate.

Ukimfungua, papa, usikitupe hicho kitambaa.

Ni mimi binti yako,
Kavira