Salamu za Radim Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Brno, 20 Agosti

Kaka Vítek mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, na za paka pia, maana naye anajihesabu mtu wa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepoa, na abate, mkuu wa monasteri yenu, amekuonea huruma angalau usiyapige tena kwenye sakafu ya mawe kila mnapoanza kusali. Sisi huku miili ni mizima. Kwenye bahasha nimeandika Ndugu Metoděj, jina lako la utawa, ili mlinda lango wenu asiirudishe, lakini humu ndani utabaki Vítek, usinikasirikie. Haradali mliyotutumia imefika. Mama ameionja, akasema ni kali kuliko mahubiri yenu, na kutoka kwake hiyo ni sifa.

Uliniuliza mama anaendeleaje tangu tumzike ndugu yetu Radim. Nilikuwa nakwepa kukujibu, na leo nitakujibu. Mama halii mbele za watu, unamjua. Alikuwa anaamka, analisha kuku, anakwenda kwenye mizinga ya nyuki ya baba, anarudi, kisha anakaa jikoni kwenye kiti cha dirishani na kukitazama kile kioo, ile skrini ndogo ya Radim, kilicho karibu na kikapu cha mkate. Alikuwa anakula kipande cha mkate na chai, basi. Mwezi wa Juni nilimbana aniambie anataka nini. Akasema hataki daktari, hataki kasisi, na kwa shangazi Hedvika haendi hata abebwe. Anataka kioo cha Radim kitengenezwe.

Wewe hukukiona kikifanya kazi. Radim aliweka mizani chini ya mizinga ya baba, na kila asubuhi saa kumi na mbili kioo kilimwandikia mama: asubuhi njema, mami. Kisha kinampa uzito wa mizinga, kisha kinamwambia leo ni siku ya jina la nani, ili wenye jina hilo kwenye kalenda wapongezwe. Ndivyo mama alivyopata jina kijijini. Hakuna Alena wala Bernard aliyefikiwa na siku ya jina lake bila simu ya mama, tena kabla mumewe au mkewe hajakumbuka. Siku chache kabla Radim hajafariki, kioo kilinyamaza. Mama alisema hata mashine iliona mbele, ikatangulia.

Nikamwambia mama asiwe na shaka, hiyo ni kazi yangu, nitaimaliza kabla chai haijapoa. Unanijua kwa kujitapa. Na kweli ni kazi yangu, kila siku kazini kwetu naamsha programu zilizolala. Lakini ya Radim haikuwa kazini kwetu. Ilikuwa kwenye mashine kubwa ya taasisi alikofanya kazi, na pale Radim hakuwa na mamlaka yoyote. Alikuwa mtumiaji wa kawaida kama mhasibu au mwanafunzi. Programu yake aliifungia ndani ya kontena, yaani chumba kimoja chenye kila inachohitaji, akaiendesha kwa jina lake mwenyewe bila kuomba ufunguo wa nyumba nzima.

Mwenye ufunguo huo ni Oldřich, wenzake humwita Olda, yule jamaa mnene aliyekuja mazishini na kaptula nyeusi, mama akamkodolea macho. Ni mtu wa Ostrava, mdomo wake hauna breki. Mkuu wa idara aliporidhia niingie kwa jina la Radim, Olda alinipa kiti karibu na dirisha, akanicheka hata kabla sijaanza. Alisema, “Bibie, wewe umezoea kutembea na funguo zote kiunoni. Hapa wewe ni mpangaji. Ukigonga ukuta, usije kunililia.”

Nikagonga ukuta siku hiyo hiyo. Kila faili niliyogusa ilinijibu kwamba sina ruhusa, na mimi nimeingia kwa jina la mwenyewe! Nilipotazama ni mali ya nani, nikakuta namba ndefu isiyo ya mtu yeyote pale taasisini. Nilikaa nikiitazama, machozi yakanitoka kama mjinga, maana ilikuwa kama hata mashine imeshasahau kwamba alikuwepo mtu. Olda aliniletea leso ya karatasi ya jikoni, akanieleza, safari hii bila mzaha. Ndani ya chumba chake mpangaji anaweza kuwa na majina mengi apendavyo, lakini nje kila jina linapewa namba tu, na mwezi wa Juni walipohamia mashine mpya, namba zilihama vibaya. Hupaswi kulazimisha mlango kutoka nje. Unaingia kwanza ndani ya chumba, halafu unamrudishia mwenyewe kila kitu kutoka huko. Nikafanya hivyo. Zile faili zilizokuwa za namba isiyo na mtu, nilipozitazama kutoka ndani, zilikuwa za Radim.

Usiku ule nililala kompyuta ikiwa wazi, na asubuhi yake mama alipiga simu kabla sijafumbua macho. Alikuwa anacheka, Vítek. Mizinga imeongezeka uzito, ni siku ya jina la Anna, ameshawapigia Anna wote wawili, na amekula koláče mbili, vile vimkate vitamu vya jibini. Nikakaa kitandani nikamshukuru Mungu wako.

Kesho yake kioo kikawa kimekufa. Nikaingia nichunguze, nikakikuta kizima, hakina hata kikohozi. Nikamwambia mama atazame tena, akatazama, kipo. Nikatoka niende zangu kazini, saa sita mchana akapiga simu: kimekufa. Tukaenda hivyo wiki nzima na zaidi. Nilibadilisha hiki, nikapunguza kile, nikailaumu mizani, nikaulaumu mtandao wa kijijini, nikawalaumu hata nyuki. Mama uvumilivu ukamwishia. Aliniuliza mimi ni fundi au mganga, maana nikiwepo kinaongea, nikiondoka kinakufa, na kama namtania nimwambie tu. Kisha akaanza tena kula kipande cha mkate na chai. Hilo ndilo lililoninyima raha, si maneno yake.

Mwishowe nilimeza aibu, nikamrudia Olda. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama huwa natoka nikishamaliza kazi. Nikasema natoka, nitalala humo? Akapiga paji lake la uso. Akasema ndiyo ugonjwa wa watu wenye funguo zote. Kwetu sisi wenye funguo programu ni mali ya nyumba, inaendelea hata sote tukihama. Ya mpangaji ni mali ya mpangaji. Akiingia inaamka, akitoka mashine inafagia chumba chake chote na kuzima taa. Nilikuwa nakiua kioo mwenyewe kila nilipoaga, na kukifufua kila nilipokuja kukipima.

Nikamuuliza kama hakuna dawa. Akasema dawa ipo, ni amri ya mstari mmoja, lakini lazima aitoe yeye mwenye mamlaka: programu za fulani ziachwe ziendelee hata mwenyewe asipokuwepo. Nikamwambia basi andika, tumalize. Akaweka mikono kwenye kibodi, akaiondoa. Akasema twende tukanywe kahawa kwanza.

Tulikaa kwenye kantini yao, ile kahawa ya unga unaobaki chini ya kikombe, na yeye akawa anakoroga tu. Kisha akanieleza. Wakati wa baridi, Radim alipoanza kulazwa, Olda mwenyewe alijitolea kumwandikia huo mstari, ili asihangaike kuingia kila siku akiwa mgonjwa. Radim akakataa. Alimwambia, “Acha, Olda. Mama akipata salamu, iwe ni mimi nimeamka. Sitaki kumsalimia nikiwa maiti.” Olda alimtania kwamba ana kichwa kigumu kama mbuzi. Radim akacheka, akasema atamweleza mama yeye mwenyewe, akipata nguvu kidogo. Hakuzipata.

Olda akanifungulia kwenye simu yake kumbukumbu za mashine, za kuingia na kutoka. Kaka, nilizisoma moja moja. Kila siku kabla ya saa kumi na mbili kuna Radim. Siku za sindano zile zilizomtapisha, yupo. Pasaka yupo. Kesho yake baada ya upasuaji ameingia amechelewa kidogo, na nakumbuka siku ile mama alisema mashine ya Radim leo imeamka na uvivu. Unamkumbuka yule muuguzi mrefu aliyelalamika kwamba Radim anaamkia kompyuta kabla hajapimwa joto? Tulidhani ni kazi za taasisi. Mama naye aliwahi kumuuliza Radim anawezaje kuamka mapema hivyo na hali ile, akamjibu kwamba yeye amelala fofofo, ni mashine tu, mami.

Tuliporudi kwenye chumba cha Olda aliniuliza aandike au asiandike. Akasema uamuzi ni wangu, naye hatanihukumu, maana na yeye ana mama. Nilisimama pale nikiwaza mama anakula koláče mbili. Nikawaza pia tarehe ishirini na tano mwezi huu, siku ya jina la Radim, kioo kitamwambia mama ampigie simu ampongeze. Nikamwambia asiandike.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Tulikuwa tunatoa kokwa kwenye plamu za knedlíky, yale madonge ya unga, na nilichagua saa hiyo kwa sababu mikono ya mama ilikuwa na kazi. Nikamweleza yote. Nilipomaliza akauliza kama ni kila asubuhi. Nikasema kila asubuhi. Akauliza hata Pasaka. Nikasema hata Pasaka. Akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

Kisha akasema jambo ambalo mimi sikulijua. Chini ya salamu palikuwa na kisanduku kidogo cha kuandika. Siku ya kwanza Radim alimwambia kwamba akitaka anaweza kujibu hapo. Mama hakuandika hata mara moja. Aliniambia, “Nilidhani ni mashine, Drahuško. Nani anaijibu mashine?” Akanitazama machoni, akaniuliza kama Radim alikuwa anasubiri ajibu.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kisanduku kile hakikuunganishwa popote, kilikuwa pambo tu, Radim hakuwahi kukimalizia.

Vítek, nilidanganya. Nilipokuwa ndani ya lile kontena nilikiona kinapoishia, ila sikujua ni cha nini. Kimeunganishwa vizuri kabisa. Kila asubuhi baada ya salamu kuondoka, Radim alikifungua, na mashine imeandika kwamba hakuna kitu. Kabla hajatoka usiku, alikifungua tena. Hata asubuhi ile ya mwisho alikifungua. Sijamwambia mama na sitamwambia. Wewe ndiye mwenye kazi ya kusikiliza dhambi za watu; kama hii ni dhambi, nipe adhabu yoyote nitaitimiza, lakini usije ukanitaka niende nikaseme kweli. Na ukija nyumbani, ukiulizwa, sema kama nilivyosema. Najua nakuomba kitu kizito.

Mama aliniomba nilale pale. Alfajiri aliniamsha yeye, ameshavaa ile blauzi ya kanisani. Akasema niingie kama Radim alivyokuwa anaingia. Nikaingia kwa kompyuta yangu pale pale mezani, na saa kumi na mbili kioo kikaandika asubuhi njema, mami, na uzito, na majina. Mama alivaa miwani. Akaandika kwenye kisanduku kwa kidole kimoja, polepole, akifuta akikosea, nami sikumsaidia. Nilimkumbusha kwa sauti ndogo kwamba hakiendi popote. Akasema anajua, sisi wenyewe ndio tunaokwenda. Aliandika: “Asubuhi njema, Radímku. Mama amekula. Pumzika.” Akabonyeza. Kisha akaniambia nitoke. Nikatoka, kioo kikawa cheusi, akakifunika kwa kitambaa cha mkate, akaenda kulisha kuku.

Tangu siku hiyo anakula, si sana, lakini anakula. Siku za majina anazitafuta kwenye kalenda ya ukutani, na Jumatatu hii amempigia Helena wa posta akiwa amechelewa, Helena akamwuliza kama anaumwa.

Mwandikie mama, kaka. Usitume kadi ya monasteri yenye maneno yaliyochapwa, mwandikie kwa mkono wako, hata mistari mitatu, naye atakujibu, hilo nakuhakikishia. Nisalimie ndugu zako wote huko, na yule mzee anayetengeneza haradali mwambie apunguze makali. Mama anakubariki. Shangazi Hedvika naye anakusalimu na bado anasema utarudi uoe.

Mimi dada yako akupendaye, na uniombee,

Drahomíra