Mfungo wa Awinja

Nyumba ya Wanovisi,
Malinya.
12 Januari 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Mulembe, na salamu nyingi za mwaka mpya. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na Willis hapo nyumbani Butali. Mimi sijambo. Mafua ya Krismasi yamekwisha, yamebaki makamasi tu.

Baba, nilipokea shela tarehe nane Desemba. Najua Mama ameshakusimulia, maana Mama hawezi kukaa na habari kifuani. Tulipiga magoti wasichana sita, na baba wa kila mmoja aliitwa aje amshike mtoto wake bega, aseme mbele ya Mama Mkuu kwamba amemtoa kwa hiari. Wenzangu walishikwa na baba zao. Mimi nilishikwa na ndugu yangu Willis, naye akainamisha kichwa utadhani yeye ndiye anayevikwa shela. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Unovisi huu wa kujiandaa kwa nadhiri ni miaka miwili na huu wa kwanza ndio mgumu. Simu hatuna. Iliyoko ofisini ni ya ugonjwa na msiba, na ukiongea, Sista Chemutai mlezi wetu anakuwa palepale mezani. Lakini barua zinaruhusiwa, za kuja na za kwenda, na hakuna anayezifungua. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono kama watu wa zamani. Niandikie hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka, lakini uandike.

Mwanao,
Awinja


Butali,
3 Februari 2025

Kwako Awinja,

Salamu. Sisi tuko. Mvua hakuna, miwa imesimama inatuangalia, na mama yako magoti yanamsumbua kama kawaida. Natumaini wewe ni mzima.

Umesema nikutukane. Sina nguvu hiyo. Nina swali tu. Ulikuwa umebakisha mwaka mmoja uwe nesi. Mwaka mmoja! Nilikuja pale Amalemba ulipopanga chumba, na gunia la mahindi begani, nikakukuta na sare nyeupe na saa imening'inia kifuani. Nilirudi nyumbani nikawaambia watu wote, hata wasiouliza. Halafu unakuja kutuambia umeitwa. Nani alikuita? Mimi nililala chumba cha pili na sikusikia mtu akiita.

Masista wana manesi wao. Mungu ana masista wake. Sisi hapa tulikuwa na wewe.

Umebeba jina la mama yangu. Tangu ukiwa mchanga nakuita mama, na sikuwa nafanya mchezo. Mtu hamtoi mama yake kwa hiari mbele ya watu, halafu apewe soda. Ndiyo sababu sikuja, na ingekuwa leo nisingekuja.

Usiniandikie tena mambo ya mwito. Ukitaka kuniandikia habari za kuku wenu, andika.

Baba yako,
Phanuel


Malinya,
24 Februari 2025

Baba,

Mulembe. Habari za nyumbani, na magoti ya Mama? Mimi ni mzima. Kuku nao ni wazima, isipokuwa wawili waliochukuliwa na mwewe.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye shamba la sukuma wiki, na nikairudia mara tatu. Siwezi kunyamaza. Nani alinifundisha rozari? Nani alikuwa akituamsha alfajiri tuisali, hata Willis akiwa na homa? Kila Jumapili ya miito padri alisimama akauliza ni mzazi gani atakayemtoa mtoto wake kwa Bwana, na wewe ulipiga makofi kuliko wote. Ulidhani anaomba watoto wa majirani?

Nimekasirika, na hasira hii nitaiungama. Lakini sirudi nyuma. Kwaresima inaanza wiki ijayo, na nimeazimia kumtolea Mungu kitu kimoja kigumu sana ili moyo wako ulainike. Sikuambii ni kitu gani. Tumeambiwa tukifunga tunawe uso, watu wasijue. Wewe utaona matunda yake.

Mwanao anayekupenda hata ukikataa,
Awinja


Butali,
10 Machi 2025

Kwako mama yangu Awinja,

Salamu nyingi kuliko za mara ya kwanza. Unaendeleaje? Unakula? Mama yako anasema siku ya shela alikuona una shingo nyembamba, na tangu hapo kila akisonga obusuma, huu ugali wetu, analitaja jina lako.

Ile ya kupiga makofi ilinipata. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama yako akauliza kama nimeanza kuzeeka vibaya. Ni kweli, nilidhani padri anaomba watoto wa majirani.

Sasa nisikilize. Mwezi wa kwanza nilikanyaga kisiki cha muwa nikiwa na patipati miguuni. Kidonda kidogo tu, kwenye kidole cha mwisho. Lakini unajua nina sukari, wewe mwenyewe ndiye uliyenipima ukaninyang'anya kijiko. Kidonda kimekataa kupona. Kidole kimekuwa cheusi, na cha pili kinakifuata. Daktari Cheruiyot anasema vidole hivyo viwili vikatwe wiki hii, mguu ubaki. Katekista anasema tuombe kwanza. Willis anasema twende Eldoret. Hapa kila mtu amekuwa daktari.

Nimewaambia wote kwamba nangoja neno la Awinja. Wewe umesoma haya mambo, na sasa unaamka kila siku unaongea na Mungu. Ukisema nikatwe, nitakatwa kesho yake. Ukisema tungoje, tutangoja. Nimewakataza kupiga simu ya ofisini. Mguu wangu si wa kujadiliwa mezani kwa Sista Chemutai, ni jambo la mimi na wewe. Barua hii analeta Sammy wa bodaboda mpaka getini, na yeye pia nimemkataza asifungue mdomo.

Na ukijibu, niambie siku ya kutembelewa. Nataka kuja nikushike bega. Nimechelewa, lakini nitakuja.

Baba yako,
Phanuel


Butali,
25 Machi 2025

Mama yangu Awinja,

Mulembe. Natumaini hujaugua. Sammy anasema barua aliiweka mkononi mwa sista wa getini, na sista akamwambia wewe ni mzima na unalima vizuri. Wiki mbili sasa.

Vidole viwili vimepitwa na wakati. Sasa wanasema nusu ya unyayo. Daktari Cheruiyot aliniuliza, "Mzee, unangoja nini hasa?" Nikamwambia nangoja barua ya binti yangu. Aliniangalia kama mtu aliyekutana na kichaa sokoni. Alisema nisipolazwa wiki hii yeye hahusiki tena. Nikamwambia binti yangu alikuwa mwanafunzi wa nesi, na sasa ni mtu wa Mungu, na hawezi kunyamaza bila sababu. Labda unaomba kwanza ili upewe jibu. Kama ni hivyo, omba haraka kidogo.

Kama ni hasira ya barua yangu ya Februari, basi nimekosa. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba nimekosa. Mara ya mwisho kusema hivyo nilikuwa namwambia mama yangu mzazi.

Mama yako anasema, "Huyo mtoto hanyamazangi hivi. Piga simu." Bado nimekataa. Nataka wewe mwenyewe uniambie.

Baba yako anayengoja,
Phanuel


Butali,
8 Aprili 2025

Awinja,

Salamu. Homa hainiachi, kwa hiyo nitasema machache.

Ijumaa wananikata. Sikuulizi tena nifanye nini, hilo limekwisha. Nataka neno moja tu kabla hawajanilaza pale. Andika, "Baba, jipe moyo." Sammy atangoja getini mpaka umpe karatasi.

Baba yako


Malinya,
19 Aprili 2025, Jumamosi Kuu

Baba yangu mpendwa,

Heri ya Pasaka inayoingia! Hamjambo wote? Mimi ni mzima na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Kesho alfajiri Philip, dereva wetu, anapita Butali akienda Malava, kwa hiyo nakuandikia mbiombio. Anakuletea pia mayai kumi ya kuku wetu, uache kuwasema.

Sasa naweza kukuambia siri yangu. Wengine hapa waliacha sukari, wengine waliacha nyama. Mimi nilijiuliza ni kitu gani kinachoniuma kukiacha, nikajua ni barua zako. Kwa hiyo nilimwahidi Mungu kwamba siku zote arobaini sitafungua barua wala kuandika, na uchungu wote huo nikautoa kwa ajili yako. Sikumwambia mtu yeyote, hata Sista Chemutai. Ukafikiri mwanao amekasirika! Barua zako tatu ninazo, ziko chini ya sanamu ya Mama Maria karibu na kitanda changu, hazijafunguliwa.

Ya tatu nusura inishinde. Sista wa getini alikuja kuniambia kuna mtu wa pikipiki anangoja jibu na hataki kuondoka. Baba, nilikuwa nimekwisha kuinuka kumfuata. Nikasema moyoni, Bwana, hili ndilo jaribu lenyewe. Nikatuma aambiwe aende kwa amani, nitajibu wakati ukifika. Nilikaa kanisani mpaka niliposikia pikipiki ikiondoka, na nilijiona nimeshinda.

Kesho baada ya Misa nitazifungua zote, kwa mpangilio. Nimezipima mkononi. Ya kwanza ni nene, ya pili imepungua, ya tatu ni nyepesi kabisa, nadhani ulikuwa umechoka kunigombeza. Gombeza tu. Nina hakika Mungu amefanya jambo moyoni mwako, nalihisi.

Mwanao mwenye furaha,
Awinja


Malinya,
20 Aprili 2025

Baba,

Nimezifungua.

Nilikwenda ofisini nikapiga simu. Mama akaipokea. Aliniambia wamekata juu ya goti, kwamba ulirudi nyumbani Alhamisi, na kwamba hutaki kuongea na mimi. Nilikusikia ukikohoa hapo karibu yake.

Vidole viwili, Baba. Ningesema kata. Ningesema kata siku ileile, kabla hata sijamaliza kusoma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesema kata. Sikuhitaji kumuuliza Mungu.

Sijui namna ya kuomba msamaha wa kitu kama hiki. Nisamehe. Sijala tangu asubuhi, na mara ninakumbuka kwamba hata kutokula kwangu huku hakumsaidii mtu, ndipo naona aibu.

Nimemwambia Sista Chemutai kwamba natoka. Amelia na mimi, akaniambia nisiamue leo. Lakini nimeamua. Nitarudi nyumbani nikufunge dawa, nikufundishe kutembea na magongo, nimalize unesi kama ulivyotaka. Sema tu nije. Nitakuja siku hiyohiyo.

Awinja wako


Butali,
4 Mei 2025

Kwako Sista Awinja,

Salamu. Mayai yalifika, manne yakiwa yamevunjika. Mama yako aliyapika yaliyobaki. Yeye na Willis ni wazima. Ninayeandika ni mimi mwenyewe, mikono bado ninayo yote miwili.

Daktari Cheruiyot alikuja kuniona. Aliuliza kama ile barua niliyokuwa nangoja ilifika. Nikamwambia ilifika, ni ya heri ya Pasaka.

Umeomba msamaha. Nitakuambia ukweli: bado sijausikia ndani yangu. Pengine utakuja. Mimi pia nina kosa langu na silikimbii. Mtu mzima na akili zake anakaa na mguu unaooza, amewafunga wote mdomo, akingoja karatasi. Mama yako ananiambia kila siku, "Wewe na huyo mtoto mnapendanga kiburi kuliko chakula." Hajakosea.

Lakini nataka ujue kwa nini nilingoja. Sikungoja kwa sababu ya unesi. Manesi wako wengi hapa. Nilingoja kwa sababu siku ile niliyocheka jikoni nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba umeitwa kweli. Nikajiambia, kama Mungu amemwita huyu mtoto wangu, basi neno lake si kama neno letu. Ulikuwa unafunga ili moyo wangu ulainike, na ulikuwa umelainika zamani. Niliuandika nikautia kwenye bahasha, nawe ukaulaza chini ya sanamu.

Siku ya barua ya tatu Sammy alirudi akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Alisema, "Mzee, wamesema niende kwa amani." Nilimwambia asante. Kesho yake Willis alinipeleka hospitali, na nesi alipouliza jina langu, Willis ndiye aliyelitaja.

Sasa unasema utatoka uje uniuguze. Usije. Kuna msichana wa zahanati ananifunga dawa, mkono wake ni mwepesi na hasemi sana. Anavaa saa kifuani. Nikimwona nageukia ukuta mpaka amalize.

Wewe baki hapo. Ukitoka leo, watu watauliza mguu wa Phanuel ulikwenda wapi, na nitawajibu nini? Sasa hivi nikiulizwa nasema nina binti sista, na wananyamaza. Mguu huu umetolewa kwa ajili ya mwito wako. Mimi sikuulizwa, wewe hukujua, lakini umetolewa na haurudi. Huwezi kupokea sadaka ya namna hiyo halafu ukavua shela ukarudi nyumbani kuoga na kupumzika. Weka nadhiri zako. Vaa hiyo shela mpaka uzeeke nayo, na siku utakapoona ni nzito, uendelee kuivaa.

Mama yako amesoma hapa juu ya bega langu, akasema huo ni ukatili, nifute. Nimemwambia ni kweli ni ukatili, na sitafuta.

Baba yako,
Phanuel