Fimbo ya Baba

Mjukuu wangu Nyamisi,

Huku Suguti tunapumua, mihogo imekubali. Umeniuliza kwa nini mbwa uliyemwokota anakukenulia meno.

Miaka ile ya shida, wezi wa ng'ombe wenye fimbo walivamia boma la jirani, jirani akahama, tukabaki na mbwa wake. Tulikuwaga tunamwogopa hata kutoka nje. Mwanamume akiingia, anamrukia. Baba akasema auawe.

Mama akamwambia, “Anatetemeka kwanza, ndipo anakenua. Anaogopa fimbo.”

Kwetu mzee hatembei bila fimbo. Baba akailaza yake chini, akakaa. Mbwa akainusa muda mrefu. Kisha akalala kando ya Baba.

Unasema unamwendea umeshika mkanda kwa sababu unamwogopa. Na yeye anakuogopa, mama. Anza wewe kuuweka chini.

Bibi yako