Mkono wa Pili wa Gauni la Anneth

Jumatano, 25 Juni 2025

Nina ugonjwa! Furaha niliyonayo leo sijui hata niieleze vipi.

Miaka kumi na tisa nashona hapa Runazi, miaka kumi na tisa naitwa mwongo. Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Bado vifungo tu. Mafundi wote husema hivyo, ndiyo maana hakuna aliyegundua kitu. Kumbe wenzangu walikuwa wanadanganya wateja. Mimi nilikuwa naamini kabisa!

Nilikwenda hospitali Mwanza kwa sababu ya kichwa kuuma. Wakanipitisha kwa daktari mwingine, kijana mpole, wa mambo ya akili. Akaniuliza, je, huwa naanza jambo jipya kabla sijamaliza la kwanza? Nikamwambia subiri, dirisha lako halifungi vizuri, nikaenda kulifunga. Niliporudi kitini alikuwa ameshaandika. Inaitwa ADHD. Anasema si uvivu wala si roho mbaya, ubongo ndivyo ulivyoumbwa, tangu utotoni. Nililia pale pale. Miaka arobaini na moja najiona mzembe!

Kanipa karatasi ya mbinu za kupanga maisha. Mbinu kumi na mbili. Nimeiweka mahali salama.

Alhamisi, 26 Juni 2025

Karatasi haipo.

Jumamosi, 28 Juni 2025

Anneth kaja. Mdogo wangu huyu, tumebaki wawili tu tangu mama afariki, nimemlea mwenyewe. Anaolewa na Elick wa Kaniha, Jumamosi ya tarehe 12 Julai. Kaja kuniambia kwa upole kwamba gauni atampa fundi wa Biharamulo mjini. Sababu hakuitaja. Ya nini? Sababu iko kwenye fremu, sebuleni kwake. Picha ya komunio ya kwanza, mwaka 2011. Watoto wote wamevaa nyeupe, Anneth yuko katikati, gauni lina mkono mmoja. Nilimwambia wa pili bado kidogo tu. Alikwenda altareni amejikunja bega, mtoto wa miaka kumi.

Nikamwambia mambo yamebadilika, sasa nina ugonjwa. Nikamwambia nipe mimi, Anneth. Nakuomba. Nikapiga magoti — fundi mzima, na futi shingoni! Akasema haya, dada, lakini ukinifanyia tena... Hakumaliza. Akalia. Na mimi nikalia.

Satini nimepewa. Na lesi ya mikono, kaileta shangazi yake Elick kutoka Kahama. Kipande kimoja, kinatosha mikono miwili na hakibaki hata cha kufutia jasho. Nikikosea, basi.

Karatasi ya daktari nimeiona! Nilikuwa nimeikata kupimia kola ya shati. Imebaki nusu ya kushoto. Kila mbinu ina mwanzo, haina mwisho. Si kitu. Miisho nitaweka mwenyewe.

Jumanne, 1 Julai 2025

Mbinu ya kwanza: "Vitu vyote viandikwe majina ili..." Ili nini, sijui. Nimeandika. Cherehani sasa imeandikwa CHEREHANI. Mlango umeandikwa MLANGO. Maboksi yote yana majina: VIFUNGO, ZIPU, MIKONO, UZI. Kalamu ilikuwa bado ina wino nikaendelea jikoni. Jogoo alikimbia, nimemwandika bawa moja.

Mwalimu Xavery kapita kuulizia suruali yake. Kaikuta inaning'inia na karatasi: SURUALI YA XAVERY, TANGU PASAKA. Nilidhani atafoka. Akasema angalau inajulikana. Kaondoka karidhika!

Mbinu ya pili: "Kabla ya kunyanyuka, andika unakwenda kufanya..." Hii ndiyo kazi ya daftari hili kuanzia leo. Nisinyanyuke bila kuandika.

Nanyanyuka kuchukua mkasi.

Nimerudi na mchicha.

Nanyanyuka kuchukua mkasi.

Nimesalimiana na jirani, nimemsaidia kupepeta maharage, debe mbili. Mkasi nimeukalia.

Alhamisi, 3 Julai 2025

Alarmu za simu. Nimetega ishirini na sita. SHONA. ACHA KUPIKA, SHONA. UMEKAA? KAA. Kila ikilia nanyanyuka kuizima, na nikishanyanyuka nimekwisha. Saa nane mchana nilijikuta niko kisimani sina ndoo.

Gauni bado ni kitambaa. Siku tisa! Naogopa. Naandika wazi kwamba naogopa.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba, watu wamepumzika, mimi nimeajiri mtu wa kukaa.

Ni mbinu ya tatu: "Tafuta mtu wa kukaa..." Hapo ndipo palipokatwa. Kukaa! Nani Runazi nzima anajua kukaa kuliko Mzee Sindayigaya? Kalinda ghala la pamba miaka thelathini mpaka alipostaafu. Alitoka Burundi akiwa kijana, akapewa rungu na kiti, na tangu hapo hajawahi kulala zamuni. Nilipomweleza alifurahi. Alisema tangu astaafu hakuna aliyemwomba akae.

Kaja saa moja kamili, koti la lindo, rungu, na daftari lake mwenyewe. Shikamoo, mzee. Marahaba. Akauliza mali ni ipi. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama juu mpaka chini. Mali inatoroka? Inatoroka sana, mzee. Akahamishia kiti mlangoni.

Na inafanya kazi, jamani! Sijui kwa nini. Mtu akikaa tu pale, miguu yangu inatulia. Tatizo ni moja, kila nikisogea anauliza wapi, nami nikianza kumjibu tunafika mpaka habari za mbuzi wa Nyantakara. Nimeandika kwenye kipande cha boksi: USINISEMESHE. Nikamwonyesha. Kaelewa upesi. Anasema hata kule ghalani hakuwahi kuongea na pamba.

Jumanne, 8 Julai 2025

Kiwiliwili cha gauni tayari. Sketi tayari. Zipu imeingia mara ya kwanza!

Suruali ya Mwalimu Xavery nayo nimeimaliza, kwa bahati mbaya, nilidhani ni kitu kingine. Kaja kuichukua haamini. Kaivaa humu humu, kakaa dakika kumi akingoja ipasuke. Kaondoka ana wasiwasi.

Jumatano, 9 Julai 2025

Anneth kapiga simu. Kaulizia mikono. Nikasema mmoja tayari.

Akasema, mmoja?

Nikasema wa pili bado kid— nikajiziba mdomo. Nikasema wa pili nitaukata kesho asubuhi, Mzee Sindayigaya akiwa kazini. Akauliza Mzee Sindayigaya anajua kushona? Nikasema hapana, anajua kukaa. Akakata simu.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Mkono wa pili umekatwa, umeshonwa, una mkunjo mzuri begani na lesi yake yote. Wa kushoto. Ni kuuambatisha tu! Giza limeingia, macho yamechoka, na gauni sharti lipigwe pasi kwanza. Mkono nalala nao chini ya mto. Sijausahau.

Najisikia mtu.

Ijumaa, 11 Julai 2025. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Ukungu mpaka mlangoni. Mkono ninao. Nauona, naushika.

Sitauweka mahali salama. Mahali salama ndipo vitu vyangu vyote vilipofia. Kuna mbinu ya nne: "Kitu usichotaka kukipoteza, kifunge kwenye..." Imekatwa, lakini jibu si liko wazi? Kwenye mwili! Nimeuvaa. Umepanda mpaka begani, umenikaa vizuri ajabu, nimeubana kwa pini kwenye blauzi. Sasa nikienda popote tunaenda wote. Mzee Sindayigaya kaniona, akatikisa kichwa kukubali.

Nanyanyuka kuwasha mkaa wa pasi. Lo, baridi hii! Sweta kwanza.

Saa tatu

Pasi nimepiga, gauni linang'aa. Mkono haupo.

MKONO HAUPO!

Nilikuwa nao asubuhi, nakumbuka niliushika. Boksi la MIKONO lina maharage. La VIFUNGO lina simu. La ZIPU lina kuku, na amekwisha taga. Chini ya mto hakuna. Kwenye mkaa nimechakura, hakuna, nashukuru Mungu.

Halafu bega la kushoto linaniwasha tangu asubuhi. Viroboto, sasa? Leo?

Saa tano

Mzee Sindayigaya kasimama. Tangu Jumatatu hajasimama! Ananinyooshea kidole. Nikamwonyesha kile kipande cha boksi. Akakaa. Baadaye akanigusa bega kwa ncha ya rungu, taratibu. Nikamwambia kwa heshima zote, mzee wangu, kila mtu abaki na kazi yake, unanivuruga! Akaweka rungu chini. Naona kaumia. Nitamwomba radhi nikipata mkono.

Bega linawasha zaidi. Nimepaka mafuta ya taa juu ya sweta.

Saa saba

Nikapata akili. Daftari! Si naandika kila kitu? Basi nisome.

Nikaanzia mwanzo, kama mtu mwenye akili zake. Nikafika kwenye mbinu ya majina, nikakumbuka jogoo ana bawa moja tu lililoandikwa. Nimemkimbiza mpaka barabarani. Nimempata! Sasa anasomeka pande zote mbili.

Sikumbuki niliishia ukurasa gani. Sisomi tena, linanila muda.

Saa tisa

Zamu ya Mzee imeisha. Akaniletea daftari lake la lindo nisaini makabidhiano. Kaandika ukurasa mzima, mwandiko mzuri, mali iko wapi na hali yake. Akaweka kidole kwenye mstari fulani, akagonga mara tatu. Nikamwambia nakuamini, mzee, nikasaini hapo hapo alipogonga. Akasimama mlangoni kidogo. Akavua kofia. Akaenda zake.

Lesi hakuna. Kahama ni mbali, na harusi ni kesho saa nne. Nimejaribu kupima pazia la dirishani. Lina maua ya bluu. Nimekaa chini nikalia kwa sauti, peke yangu, na bega najikuna.

Saa kumi

Anneth yuko hapa. Naandika huku ananitazama. Nimemwambia ni agizo la daktari.

Aliingia anacheka, nywele zimeshasukwa. Akaliona gauni ukutani. Kicheko kikaisha. Akalisogelea, akashika mkono wa kulia, akapeleka vidole upande wa pili pale penye tundu, akaviacha hapo.

Maneno yalishafika mdomoni. Bado kidogo tu. Yalifika yenyewe, yanajua njia. Nikayameza. Nikasema Anneth, nimeupoteza. Niliumaliza jana, ulikuwa mzuri, na leo nimeupoteza humu ndani, na sijui uko wapi, na hakuna lesi nyingine, na sitaki kukudanganya.

Nikangoja anipige.

Akaenda kwenye kiti cha Mzee Sindayigaya. Akakaa. Akasema mwaka ule hakuumizwa na gauni. Alisema watoto wangecheka siku moja wakasahau. Kilichomuuma ni kwamba nilimwambia bado kidogo tu tangu Jumatano mpaka mlangoni mwa kanisa, na yeye akaniamini mpaka mlangoni. Leo nimemwambia kweli kabla ya kuulizwa. Basi, anasema, hata kama gauni ni la mkono mmoja, kesho anakwenda nalo, tena atanyoosha bega, na Elick akiuliza atamwambia ndiyo mtindo wa kwetu.

Mimi siwezi kuandika vizuri hapa. Karatasi imelowa.

Nikamwambia mbinu ya tatu ni hiyo aliyokalia. Akasema haya, mimi nimekaa, wewe tafuta. Tunayo jioni nzima.

Nikarudi kwenye maboksi. Anneth ananitazama tu, mtoto niliyembeba mgongoni, sasa ananilinda. Kisha akaniuliza kwa nini bega moja limevimba kuliko lingine. Nikamwambia viroboto. Akasema viroboto gani hao, dada, umelowa jasho chapachapa na unanuka mafuta ya taa, hebu vua hilo sweta kwanza.

Kweli, kuna joto.

Nanyanyuka kuvua sweta.